Maini ya Ijumaa

Jocelyne alianguka tonge likiwa bado mkononi. Hakupiga kelele wala hakujishika tumbo. Aliinama mbele polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha, kisha kipaji cha uso kikagonga ukingo wa sinia na wali ukamwagika mkekani. Kidawa alidhani amepaliwa. Alimshika mabega, akamgeuza, na alichokiona kikamtoa ukemi. Mate yalikuwa yanamchuruzika mgeni wake bila kukoma, shingo imelowa jasho, na mboni za macho zimesinyaa kama punje za ulezi.

"Yarabi! Kaka Burhani, ita gari la wagonjwa! Mgeni anakufa!"

Burhani alibaki ameduwaa, vidole vina mafuta, mdomo wazi. Simu ikapigwa na Kidawa mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu mchana, barazani kwa Burhani, mtaa wa Observatory, pale barabara inapopanda mlima kutokea Yeoville. Nyumba ya kuishi, lakini Ijumaa inageuka mkahawa, na anayeujua haulizi bango. Kidawa aliujua. Kazi yake hapa Johannesburg ndiyo hiyo, kuwazungusha wageni mahali pa kula: injera kwa Wahabeshi wa mjini, magwinya, maandazi ya huku, ya moto kwa akina mama wa Marshalltown wanaoyakaanga kando ya barabara, sombe, kisamvu cha Kikongo, kwa Mama Marthe, na Ijumaa pilau ya Burhani. Mwanamke wa Unguja mwenye mdomo mwepesi na miguu mizito, wageni walimpenda kwa vyote viwili.

Jocelyne hakuwa mgeni wa kawaida. Alizaliwa Bukavu, akakulia Brussels, na alikuwa anaandika kitabu cha kuwaonyesha wasafiri wapi pa kula katika miji ya watu mchanganyiko. Kila mtaa alitaka nyumba moja tu. Habari hiyo ilikuwa imezagaa, na kila mwenye sufuria alikuwa ametandika kanga mpya mezani.

Gari la wagonjwa lilimchukua akiwa anahema kwa shida. Kidawa alitaka kupanda naye, polisi wakamzuia. Huku nje watu walishajaa getini, na mmoja alikuwa anapaza sauti kwamba hawa wageni watatumaliza kwa vyakula vyao. Kidawa aliyasikia yale maneno. Alikuwa na hofu, lakini zaidi alikuwa haamini. Yeye mwenyewe alikuwa amekula sinia lile lile, na alikuwa mzima.

Aliyeletwa kupeleleza ni Sajini Nkabinde, mama mnene, mtaratibu, asiyekaa hata akipewa kiti. Kabla hajauliza neno, simu yake ililia. Alisikiliza, akaikata, akamgeukia Kidawa.

"Ni daktari. Anasema ni sumu ya panya, hana shaka. Lakini eish, vile vipakiti vya mitaani havifanani. Hiki kina hiki, kile kina kile, na dawa ya kumtibu aliyekula kimoja inaweza kummaliza aliyekula kingine. Anataka kipakiti chenyewe. Asipokipata jioni hii, haahidi kitu."

"Atakufa?"

"Nimekuambia alivyosema. Sasa niambie, mlikuwa wangapi kwenye sinia?"

"Watatu. Mimi, yeye na Kaka Burhani. Mahmoud, mdogo wake, alikuwa anahudumia tu."

"Watatu, chakula kimoja. Mbona kaanguka mmoja?"

Kidawa alimweleza kama anavyowaeleza wageni wake wote. Kwenye sinia huchovyi huku na kule. Kila mtu anakula pale mbele yake. Na upande wa Burhani una mambo yake, kwa sababu ana vidonda vya tumbo. Hatiwi kachumbari wala pilipili, na kila Ijumaa anakaangiwa kipande cha ini la mbuzi, kinawekwa mbele yake peke yake. Maini ya Burhani yalikuwa mashuhuri. Hakuna aliyewahi kuyaonja.

"Leo yaliliwa na nani?"

Kidawa alikumbuka. "Jocelyne. Kaka Burhani alimsogezea."

Sajini alimwita Burhani. Mtu wa Tanga huyu, mrefu, ndevu zimechanwa vizuri, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Kidawa akawa mkalimani.

"Nani alipika?"

Burhani alinyoosha mgongo. Hata katika msiba ule, alinyoosha mgongo. "Mimi. Muulize yeyote. Pilau hii ni mkono wangu."

"Na maini?"

"Mimi."

"Na aliyempa mgonjwa ni nani?"

"Mimi, kwa heshima ya mgeni. Mimi ningemdhuru kwa lipi, mama? Amekuja kuniandika kitabuni!"

"Umepika mwenyewe, umempa mwenyewe," alisema Sajini, na pingu zikatoka kiunoni. Kidawa alishindwa kutafsiri. Hakukuwa na haja.

Getini mtu alipaza sauti kwamba wamuulize Mkongo wa ng'ambo ya barabara, asubuhi alikuwa jikoni humo humo na juzi waligombana. Sajini alituma askari. Walirudi na Mama Marthe, mwenye mkahawa upande wa pili wa barabara, kitambaa cha kichwa kimelegea, na kipakiti cha sumu ya panya kilichokutwa kabatini kwake. Watu getini wakaguna kwa pamoja.

"Dada Kidawa, unisaidie!" Mama Marthe alikuwa analia. "Miye nilikuya asubuhi na sombe, njo mazoea yetu na hawa. Niliweka pale mezani, nikaenda. Nyama yao miye siguse! Burhani anakulaka tu ya halali, na miye naheshimu ile."

"Mligombana juu ya nini, mama?"

"Juu ya kitabu, bon. Nilimwambia anajisifu sana. Lakini ni maneno ya jirani tu. Na ile dawa, kila mutu wa hapa iko nayo. Panya wanatushinda. Uangalie, sijafungua hata!"

Kidawa aliangalia. Ni kweli, mdomo wa kipakiti bado ulikuwa umebanwa na pini za dukani. Akamwonyesha Sajini, naye akakigeuza mara mbili, akamrudishia Mama Marthe pumzi yake kwa kutikisa kichwa.

"Na jambo lingine," Kidawa aliongeza. "Maini yananunuliwa kwa mchinjaji baada ya saa tano, mbuzi akishaletwa. Mama Marthe saa hiyo yuko kwake anatwanga majani. Alipokuja asubuhi, maini hayakuwepo."

"Basi tunarudi kwa huyu huyu," Sajini alisema, akimwonyesha Burhani.

Kidawa aliomba maji. Aliketi kwenye kizingiti na bilauri mkononi, akijilazimisha kufikiri, kwa sababu mahali fulani mjini mtoto wa watu alikuwa anapigania roho yake, na yeye ndiye aliyemleta. Burhani amuue mgeni wa kumpa jina? Haiingii. Basi sumu haikuwa ya mgeni. Maini yale yaliwekwa mbele ya Burhani, yakihesabiwa kwamba yataliwa na Burhani kama Ijumaa zote. Hili lilimshtua kuliko kila kitu. Mtu alitaka kumlisha Burhani sumu, naye Burhani kwa ukarimu wake akaisogeza kwa vidole vyake hadi mbele ya mgeni.

Hapo ndipo alipokumbuka aibu aliyoipata kwenye sinia. Ilikuwa aibu ndogo, ya kupita, na kishindo cha baadaye kilikuwa kimeifunika. Burhani alipochukua maini kumpa Jocelyne, Mahmoud alikuwa amesimama na birika la kunawia. Akasema, "Kaka, mwache mgeni. Hayo ni yako." Kidawa alitaka kuingia chini ya mkeka. Mbele ya mgeni! Burhani alicheka tu, akasema mgeni kwanza, na Mahmoud akaweka birika chini akarudi jikoni.

Aliinuka na bilauri imejaa bado.

"Sajini, kabla hujamchukua, nipe dakika chache jikoni. Na Kaka Burhani aje."

Mahmoud alikuwa anasugua sufuria kubwa. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mikono imebabuka kwa mvuke. Alipomwona kaka yake na pingu, aliacha kusugua lakini hakugeuka.

"Kaka Burhani," Kidawa alisema, "leo mchele uliutia saa ngapi?"

"Eh? Saa saba. Kama kawaida."

"Saa saba ulikuwa wapi?"

Burhani alikohoa.

"Umetusimulia mwenyewe ulipofika, mimi na Jocelyne. Uliwahi safu ya kwanza msikitini tangu saa sita, hotuba ikawa ndefu, ukaingia hapa moja kwa moja ukakaa kula. Na hiyo kanzu. Mtu amekaanga vitunguu, amekaanga maini, hana hata tone la mafuta kifuani? Kaka, unafungwa kwa kosa la kuua. Sema nani alipika."

Burhani alitazama sakafu, akatazama pingu, na Kidawa hakuamini macho yake: mtu yule alikuwa bado anapima.

"Sema, kaka," Mahmoud alisema, uso ukiwa bado ukutani. "Mara moja tu. Nikusikie."

"Mahmoud ndiye anayepika," Burhani alisema mwishowe. "Tangu tufungue. Mimi hata chumvi sijui inatiwa lini."

Kidawa ameleta wageni hapa miaka na miaka, kawasifia mkono wa Burhani kwa lugha tatu. Lakini hakuwa na muda wa kujisikitikia.

"Mahmoud, nigeukie. Mimi wa pwani, wewe wa pwani. Mgeni akipewa kitamu, sisi hatumwambii mwenyeji amwache. Hata kipande kiwe kimoja na wewe una njaa, unameza mate unanyamaza. Wewe ulisema. Ulijua nini kuhusu maini yale?"

Mahmoud aligeuka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Nilitaka augue tu, dada. Wallahi tumbo tu, alale mchana mmoja. Mgeni akitaka maelezo angekuja huku, angenikuta mimi. Ningemjibu mimi." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Ijumaa ngapi sijasali? Nakaa na sufuria, yeye anakuja na manukato anasema mkono wangu, mkono wangu. Na sasa aandikwe kitabuni, dunia nzima isome. Nikatia kidogo. Sikujua ni kali vile."

"Na ulipoona yanakwenda kwa mgeni?"

"Nilisema. Si ulisikia? Nilisema."

"Ulisema mara moja."

"Ningesema zaidi mngejua."

Kidawa alishika ukingo wa meza. Katika maisha yake alikuwa amesikia watu wakikiri mambo, lakini hajawahi kusikia neno dogo kama lile likimuumiza hivyo. Kumnyang'anya mgeni kile kipande, kupindua sinia, kujifanya amejikwaa na birika! Lolote lingetosha.

"Ukamtazama akila?"

"Sikutazama. Nilirudi huku."

"Kipakiti kiko wapi? Mahmoud, msichana yuko hai bado. Kiko wapi?"

Alikitoa nyuma ya mtungi wa gesi, kimekunjwa ndani ya karatasi ya gazeti. Alikinunua Marshalltown kwa mchuuzi wa barabarani. Kidawa akamtafsiria Sajini Nkabinde yote, naye akakipiga picha pande zote, akaituma kwa daktari, kisha akampa askari mmoja kipakiti na kumwambia asisimame kwenye robot hata moja, taa iwe nyekundu ama la. Pingu zilitoka mikononi mwa mkubwa zikaenda kwa mdogo. Burhani alijaribu kumshika bega ndugu yake wakati anapitishwa, na Mahmoud akalikwepesha bega.

Jocelyne hakufa. Daktari alisema picha ile iliwahi kwa saa moja tu. Ilipofika Jumanne, Kidawa aliruhusiwa kumwona. Alimkuta amekaa, amekonda uso, sauti ya kukwaruza, lakini macho yake yamerudi ukubwa wake. Kidawa alilia kwanza, wakashikana mikono. Polisi walikuwa hawajamhoji mgonjwa, na daktari alikuwa ameagiza asishtuliwe kwa habari yoyote.

"Dada Kidawa," Jocelyne alisema, "nilikuwa nataka kukuuliza kitu. Nani anapikaka pale?"

"Pumzika, mwanangu."

"Kwa sababu si yule mzee. Nilimwuliza viungo anaweka mbele ya kutia nyama ao nyuma, akaniambia habari ya baba yake. Nikajua. Nilikuwa nangoja tumalize kula niombe kuingia jikoni. Ile pilau, dada! Nimekula miji mingi. Nilishaamua ni ile nyumba, na nilitaka jina la mpishi mwenyewe, si la mwenye nyumba. Anaitwa nani?"

Kidawa alilitaja. Aliona afadhali alitaje kuliko kusema uongo mwingine juu ya sufuria ile.

"Mahmoud," Jocelyne alirudia, mara mbili, taratibu, asije akalisahau. Kisha akauliza kama Kidawa anaweza kumwambia aje hospitali, hata dakika tano, amshukuru.

Kidawa alimvutia shuka hadi kifuani, akamwambia kwamba Mahmoud hawezi kutoka alipo kwa sasa.