Fundi Aliyeziba Tundu la Kaburi

Mke wa fundi mwashi aliketi kwenye kiti cha sebuleni, akaruka. Kiti kilikuwa na joto, lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na nyumbani alikuwa yeye na kitoto chao kichanga tu, mume ndio kwanza anaingia.

“Baba mtoto, umemleta nani humu?”

“Mimi? Si unaniona navua viatu?”

“Hebu nusa shati lako.”

Fundi akanusa. Udongo mbichi, wa shimoni, na mvua hata wingu lake halijaonekana.

Sasa huyu fundi, kwa majigambo, hata mimi nampigia saluti, na mimi simpigii mtu. Siku moja kabla, shemeji yake, dereva wa lori, alimpeleka kuona rundo la mawe nyuma ya machimbo ya kokoto. Kaburi la watu wa kale, wa kabla ya chuma. Halina kibao wala mlinzi, wageni hawalijui. Ubavuni lina tundu la kupitisha kichwa. Wewe ungechungulia ukaenda zako. Fundi? Thubutu! Mwashi akiona pengo vidole vinamwasha. Akachonga jiwe, akalipachika, akaligonga kwa nyundo likakaza.

“Wazee walisahau kumalizia,” akatamba.

Tangu hapo viti vikawa vinapata joto vyenyewe, mlango wa chumbani ukawa unasukumwa polepole kama na mtu mwenye adabu zake, mke akamshuku mume ana hawara, mume akamshuku mke, wote wawili wakamshuku shemeji, hadi alasiri moja, wameketi watatu sebuleni wanakodoleana macho, wakasikia mtu anambembeleza mtoto chumbani, kwa sauti nzito isiyo na maneno, na harufu ya udongo ikawajia chini ya mlango kama maji.

“Leo nahamia kwa mama,” mke akanong’ona. “Na mwanangu.”

Kabla hajafunga mzigo, akaitwa mganga. Bibi yule alinusa kizingiti tu, akagoma kuingia.

“Hajakuvamia huyu. Alitoka kidogo, wewe ukamfungia nje. Nenda kamzibulie kwake.”

Fundi akaenda mchana kweupe, shemeji akabaki lorini, injini inanguruma. Akaling’oa lile jiwe. Kitu kikampita begani, baridi, kikaingia tunduni, na harufu ikakatika papo hapo.

Simu ikaita. Mkewe, kwa furaha ya kunong’ona:

“Ameondoka, baba mtoto! Nyumba nyeupe! Na mtoto kanyamaza, kalala fofofo.”

Fundi akatanua kifua ajisifu. Ndipo mle tunduni, chini kabisa, mtoto mchanga akaanza kulia. Baba hakosei kilio cha mwanawe.

“Mwamshe,” akasema. “Mama mtoto, mwamshe!”

Akamsikia mkewe akimwita mtoto, kwanza kwa upole.