Ukuta Uliojibu Nyundo

Haya yalimkuta rafiki yangu Tofazzal, mkata meli hapa Sitakunda, pwani ya Bangladesh, na hadi leo nikiyakumbuka damu inanichemka. Meli kuukuu ya serikali ililetwa tuivunje. Wakubwa waliipangia kila kitu ofisini, wala hawakutia mguu ndani.

Sisi hatukati ukuta kabla ya kuugonga, maana nyuma yake huenda pana mwenzetu. Gizani, tumboni mwa meli, Tofazzal akagonga kwa nyundo mara tatu. Ukuta ukajibu mara tatu.

“Bosi, humu mna mtu!” akampigia kelele msimamizi wetu, aliyebaki juu.

“Mwoga we! Karatasi inasema chumba kitupu, kimechomelewa miaka mingi. Kata!”

“Njoo ukate mwenyewe!”

Bosi hakushuka. Tofazzal akakata kwa hasira, bamba la ukuta likaanguka. Chumbani hamkuwa na mtu. Lakini kwenye bamba, upande wa ndani, katikati ya kutu, palikuwa na alama tatu za nyundo, mpya, zinang'aa.