Vipimo vya Mke Wangu na Flopi ya Mama Waya

Mke wangu ni fundi cherehani. Mimi ni mpaka rangi wa nyumba. Kwetu mwenye akili ni yeye. Nasema hivyo kabla hajasema mwenyewe.

Likizo ile alipewa kazi kubwa: sare za wanafunzi arobaini na wawili wa shule ya bweni. Aliwapima siku ya kufunga shule, kisha wakatawanyika makwao. Vipimo vyote akaviandika kwenye kompyuta yetu kuukuu. Karatasi alizopimia akazikata kuwa vielelezo vya kola. Fundi cherehani akishika karatasi haoni maandishi, anaona kola.

Asubuhi moja kompyuta ikagoma. Kioo kilikuwa cheusi, na mstari mmoja tu wa maandishi meupe. Tukaipeleka dukani. Muuzaji akasema, "Nitafuta kila kitu, niweke upya."

"Sawa, futa," nikajibu, kama mjuaji.

Mke wangu akaikumbatia kompyuta. "Baba watoto, akifuta hivi vipimo, watoto wa watu watavaa nini? Rangi zako?"

Tukaenda kwa jirani yetu anayetengeneza redio na kompyuta. Mtaa mzima unamwita Mama Waya. Mke wangu akamsimulia yote.

"Shemeji, kumbe ulitaka kufuta?" akaniuliza. Nikajifanya naifuta kompyuta vumbi.

"Sikilizeni," akasema. "Kinachoiamsha kompyuta kinaitwa mfumo endeshi. Huo ndio ulioharibika. Mafaili yako yamo kwenye diski kuu, na huenda ni mazima. Ni kama muuza duka ameugua, lakini bidhaa bado zimo ndani. Tutafute mtu mwingine wa kufungua."

"Mtu gani?" mke wangu akauliza.

"Linux. Ni mfumo endeshi wa bure, na upo wa aina nyepesi unaofaa mashine za zamani. Tutauweka kwenye memori kadi, tuwashie hapo hapo, bila kugusa diski yako."

Nikajitia ufundi. Faili la Linux lilikuwa kwenye kompyuta yake. Nikalinakili kwenye kadi kama mtu anavyonakili picha. Nikaichomeka kadi kwenye kisoma kadi, kile kidude chenye waya wa kuunganisha kwenye kompyuta. Mashine yetu ikanyamaza.

Mama Waya akacheka. "Shemeji, rangi ikiwa ndani ya kopo, ukuta umeshapakwa?"

"Bado."

"Basi na kadi ni hivyo hivyo. Ipo programu maalumu ya kuuandika mfumo kwenye kadi, ili kompyuta iweze kuanzia hapo. Ila inafuta vilivyokuwamo kwenye kadi. Tumia kadi tupu."

Akaiandika yeye. Mashine bado ikanyamaza. Mke wangu akakaa kwenye boksi la redio mbovu.

"Usihofu, mwenzangu," Mama Waya akamwambia. "Mashine hii ni ya zamani sana, haijui kuanzia kwenye kisoma kadi. Lakini flopi inaijua."

Akatoa flopi, ile diski bapa ya mraba. "Humu mna programu ndogo. Flopi itaanza, kisha itaionyesha kompyuta kadi ilipo."

Akaiwasha mashine huku akibonyeza kitufe. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua flopi iwe ya kwanza. Flopi ikakoroma. Ikatokea orodha fupi, naye akachagua kisoma kadi. Tukasubiri dakika tatu, mimi nimesimama. Kisha kioo kikajaa picha.

Akafungua diski kuu. Faili la vipimo lilikuwamo. Kabla ya jambo lolote akalinakili kwenye kadi nyingine, akamkabidhi mke wangu.

Mke wangu akasoma kwa sauti, "Bega kumi na nne. Kiuno ishirini na tano." Akashindwa kuendelea, akalia. Mimi nilifurahi mno, na niliona aibu pia.

"Nikushukuruje, dada?" akauliza.

"Weka nakala mbili kila unapoandika. Moja kwako, moja kwangu."

Tunafanya hivyo mpaka leo, na mashine ile bado inaamka kwa flopi na kadi.

Siku ya kufungua shule tulizipeleka sare, na mke wangu akamvuta Mama Waya twende naye. Wanafunzi wakavaa mmoja mmoja. Mabega yalikaa vizuri na pindo zilikuwa sawa. Mke wangu alimshika jirani yetu mkono, na hakumwachia mpaka mwanafunzi wa arobaini na mbili alipofunga kifungo chake cha mwisho.