Sauti ya Tano ya Ampli

Jioni ile nilitoka kununua petroli ya jenereta, chupa mbili, kwa mama anayeuza kando ya barabara ya kwenda Beni. Jua lilikuwa linazama. Butembo ya mwaka 2001 haikuwa mji wa kuzurura saa hizo; askari walikuwa wakibadilika ovyo, na wote walipenda kukuuliza unatoka wapi. Nikarudi haraka. Nyumbani nikamkuta Phinées amekwisha kufika na ampli yake, kile kikuza sauti cha gitaa. Alikuwa ameiweka juu ya meza yangu na anaipangusa vumbi kwa kiganja.

Sikumpenda Phinées, na sikuwahi kulificha hilo. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na matanga. Nimeangalia nyuso za watu kwenye kamera mpaka nawajua wanaolia na wanaokunja uso tu. Huyu alikuwa wa kukunja uso. Na Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa anamwoa dada yangu Christa.

Christa alikuwa mjane. Mume wake, Élisée, alipiga gitaa katika kwaya ya kanisa letu. Miaka miwili kabla ya hapo alikwenda Mabalako, nyumbani kwa baba yake, kuchukua ampli aliyoahidiwa na mjomba. Phinées, rafiki yake, alimsindikiza. Siku chache baadaye Phinées alitokea kwa baba yake Élisée peke yake, nguo zimechanika. Akasema watu wenye silaha wamemuua Élisée njiani, wamemburuta porini, na ampli wameichukua.

Maiti haikupatikana. Basi kule Mabalako familia ikafanya kinachofanywa kwetu mtu akipotea: mgomba hukatwa, huvingirishwa katika blanketi, hufungwa kamba na kuzikwa mahali pa mtu. Blanketi likishafungwa, hakuna anayelifungua tena. Phinées aliomba aukate na kuufunga yeye mwenyewe, usiku kucha, kwa sababu ya urafiki. Tulimwona ni mtu mwema. Nilikuwa mmoja wa wanne tulioubeba. Harufu ya utomvu ilitupanda puani, na mzigo ulitukata mabega. Mwenzetu mmoja alipolalamika, Phinées alimjibu kwamba mgomba ni maji matupu.

Tukaendelea kubeba. Nani angebishana juu ya uzito wa mgomba wakati risasi zinalia ng'ambo ya mto?

Sasa huyu Phinées alikuwa na ampli. Alisema ameinunua Kampala. Nilipomuuliza kama si ajabu, ampli tena baada ya ile ya Élisée, alicheka bila kuonyesha meno, tayari akiniita shemeji.

"Ba ampli biko mingi mu dunia, bofrere."

Alitaka ipigwe siku ya harusi, lakini wazee wa kanisa walikuwa wamekataa. Kwao ampli ni chombo cha baa. Ndiyo maana alinijia: nipige video inayoonyesha kwamba ampli ile inajua pia kunong'ona, halafu wazee waitazame na kulainika. Nikakubali kwa ajili ya Christa. Alikuwa jikoni anasonga ugali, na tangu kilio kiishe sikuwa nimemsikia akiimba.

Ilikuwa ampli nzuri, lazima niseme. Ilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha, na juu yake sauti nne. Ya kwanza ilikuwa safi, ya kufaa tenzi. Ya pili ilikuwa nene, ya tatu ilitetemeka, na ya nne ilikwaruza kama ya bendi za mjini. Phinées alipiga gitaa lake vibaya, lakini ampli ilimsaidia.

Nilianza na mikro, kinasa sauti cha kamera yenyewe. Ikaniletea chumba kizima, na jenereta nje, na sufuria za Christa. Nikachomeka mikro ya waya, nikaiweka katikati kabisa ya spika. Ikachoma masikio. Nikaisogeza hadi ukingoni mwa kitambaa kinachofunika spika na kuigeuza upande kidogo. Hapo ampli ikaanza kusema ukweli. Kilichobaki ni mwangwi wa ukuta. Nikatoa blanketi kitandani ili nilitundike nyuma yake.

Phinées aliacha kupiga.

"Tosha ile bulangeti."

Nikamweleza kwamba ni la kunyonya mwangwi tu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na nje kulikuwa na baridi yetu ya milimani. Akasema tena, polepole, nilitoe. Nikaliacha pale pale. Nilikuwa nimechoka kumtii mtu ambaye hata shemeji yangu hajawa.

Nikavaa kaske masikioni, nikawasha kamera.

Sauti ya kwanza... sawa. Ya pili... sawa. Ya tatu ikatetemeka vizuri. Ya nne ikakwaruza. Phinées akamaliza, akaondoa mkono kwenye nyuzi, akauweka gotini.

Gitaa likaendelea.

Nikavua kaske. Chumba kilikuwa kimya, jenereta tu inanguruma uani. Nikavaa tena. Gitaa lilikuwa linapigwa, taratibu, kwa mkono unaojua kazi. Halafu likanyamaza, na kikasikika kidole kinachogonga ubao.

Tok, tok.

Élisée alikuwa na tabia hiyo kabla ya kila wimbo. Aligonga mara mbili kwa kidole gumba, na kwaya nzima ikaingia. Nikainusa harufu kabla ya kuona kitu: utomvu mbichi, ule unaotia nguo doa lisilotoka. Kitambaa cha ampli kilikuwa kimelowa chini, na tone la rangi ya kahawia lilikuwa linashuka mezani.

Phinées hakuwa anatazama ampli. Alikuwa ananitazama mimi, na hasa kaske zangu.

"Imetoka muzuri?" akauliza.

Nikamwambia imetoka vizuri. Sidhani uso wangu ulisema hivyo. Aliaga bila kula, akaiacha ampli yake, mtu aliyekuwa haachi mtu aiguse.

Nikamwita Christa. Tukaketi mbele ya televisheni, nikarudisha mkanda nyuma. Zikapita sauti nne za Phinées. Mkono wake ukaenda gotini, na sauti ya tano ikaanza. Christa hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kiti na kufuata muziki kwa midomo, neno kwa neno, wimbo ambao Élisée alimtungia kabla hawajaoana. Ilipofika tok, tok, machozi yalimshuka. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa bunduki.

Halafu mtu akanong'ona ndani ya mkanda, karibu kabisa na mikro.

"Bulangeti inanikaza... Mufungule kamba."

Mkanda ukaisha. Christa akaniuliza mimi, kaka yake mkubwa, kwa sauti ndogo:

"Yaya, kama alikufiaka mu pori, bulangeti aliiona wapi?"

Nikajishika bega. Jibu lilikuwa hapo, mahali mzigo uliponikata.

Alfajiri tukaondoka na ampli. Njiani tulipita nyumbani kwa Phinées, mlango ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Mabalako tulifika jua likiwa juu. Baba yake Élisée, mzee Syauswa, aliigusa ampli ubavuni, palipokuwa na alama ya kuunguzwa na pasi. Akasema ndiyo ile ya mjomba. Christa akamrudia maneno ya mkanda. Kufungua kaburi la mgomba ni jambo ambalo halijafanywa katika ukoo wao, na mzee alikaa muda mrefu mikono kichwani. Kisha akaleta jembe mwenyewe.

Nilitegemea kukuta udongo mtupu baada ya miaka miwili. Blanketi lilikuwa limechakaa, kamba bado imekaza. Tulikata kamba. Ndani kulikuwa na magome ya mgomba yaliyokauka, yamepangwa gome juu ya gome, kwa uangalifu. Na ndani ya magome...

Mifupa.

Sote tulikuwa tumeimba juu yake. Tulimbeba sisi wenyewe, muuaji akiwa mbele anashika msalaba.

"Nililiaka mugomba," Syauswa alisema, "kumbe nilikuwa nalilia mwana yangu."

Tukamzika upya, bila kamba. Ampli tukaiweka miguuni pake. Christa hakuolewa Jumamosi ile, na jioni ya mazishi hayo, kwa mara ya kwanza tangu kilio, nilimsikia anaimba. Niliporudi Butembo niliutazama mkanda tena. Sauti ya tano haikuwamo. Kulikuwa na Phinées tu, mkono gotini, na kimya.

Ningependa iishie hapo.

Mwaka uliofuata habari zikaja kwamba Phinées amepotea upande wa mpaka. Hakuna aliyeona maiti. Mama yake, mwanamke asiye na kosa, akaomba mwanawe azikwe kwa mgomba. Wabebaji wakakosekana. Nikaenda mimi, si kwa huruma. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitakachoingia katika lile blanketi.

Niliukata mgomba mwenyewe, nikaupasua katikati mpaka utomvu ukaniloanisha viatu. Ulikuwa mgomba, basi. Nikaunganisha vipande, nikauvingirisha, nikaufunga kamba. Hakuna aliyeusogelea ila mimi.

Tukainama wanne, tukainua.

Ulikuwa mzito.

Mwenzangu wa mbele akalalamika. Nilitaka kumjibu kwamba mgomba ni maji matupu. Sikio langu lilikuwa limelala juu ya blanketi, na ndani yake, polepole, kidole gumba nilichokijua kikagonga...

Tok, tok.