Chupa ya Barafu

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani. Joto lilikuwa kali, naye yuko kazini, akamwomba wifi yake aende nyumbani kwake kutia chupa ya barafu kwenye tangi la samaki, maji yapoe. Ufunguo wa mlango alikuwa ameufunga kwa uzi dirishani.

Mchana akapiga simu. "Wifi, umeshatia?"

"Nimetia, mwaya. Wanacheza tu!"

Jioni akakuta fundo lake la uzi halijaguswa. Wifi hakukanyaga pale. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akasonya, akaingia.

Umeme ulikuwa umekatika. Gizani kitu kilikuwa kikigonga kioo, ngo, ngo. Akawasha tochi. Tangini hamkuwa na samaki. Chupa ilielea kwenye maji ya moto, kifuniko kimekazwa, barafu haijayeyuka. Ndani ya barafu walikuwemo samaki wake wote, na macho yao yalikuwa yanaufuata mwanga.