Sauti ya Usumani Kwenye Ukungu

Kabla mlima haujaporomoka, Ikirezi alisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Aligeuka. Baba yake, Usumani, alikuwa nyuma kidogo, fimbo mkononi, akikanyaga kijia chembamba kilichokata ubavu wa mlima. Mara kijia hakikuwepo tena. Udongo mwekundu, mawe na miti mizima vilishuka kwa pamoja, na mzee akashuka navyo.

“Baba!”

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Ikirezi aliteremka kwa kuketi, akidaka mizizi, mpaka akamfikia chini ya korongo. Mzee alikuwa amelala ubavu kando ya kijito kilichojaa matope, na gogo la mkaratusi limemlalia mguu wa kushoto. Macho yalikuwa wazi.

“Nipo,” alisema. “Usinivute. Toa gogo kwanza.”

Ikirezi aliokota fimbo, akaichomeka chini ya gogo na kuiegemea kwa uzito wake wote. Gogo likabingirika. Chini ya goti, mguu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Akachana mtandio wake, akaufunga mguu kwa vijiti viwili. Usumani aliuma kola ya koti lake wala hakupiga kelele, ila alianza kutetemeka, na kutetemeka huko hakukukoma.

Walikuwa wakitoka Ziwa Kivu kwa miguu kurudi nyumbani Rwezamenyo. Ilikuwa nadhiri ya mzee. Mwaka uliotangulia mapafu yalimlaza hospitalini hadi akapumulia mashine, na alipoamka alisema Mungu akimrudishia pumzi zake, atazitumia kutembea na kushukuru. Kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, watu wa nyumbani walidhani ni homa inayosema. Homa ilipoisha, maneno yalikuwa yaleyale. Ikirezi akasema hatamwacha aende peke yake.

Kabla ya safari walibishana katika duka moja la vifaa vya umeme pale Gisimenti. Muuzaji aliwatandikia saa kubwa zinazohesabu mapigo ya moyo na simu zenye kamera tatu. Usumani alitaka gatoroshi yake tu, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, maana betri yake haijui kuchoka. Ikirezi alikuwa mpima viwanja huko Masaka, na kazi ilikuwa imempeleka kwenye mabonde mengi yasiyo na mtandao. Yeye alishika kifaa cha setilaiti, kidogo kama kipande cha sabuni.

“Hiki kinafanya nini ambacho simu haifanyi?” mzee aliuliza.

“Kinaongea na mbinguni, Baba. Hakihitaji mnara.”

“Mimi naongea na mbinguni mara tano kwa siku, bila betri.”

Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Ikirezi alikichukua hata hivyo. Ilibaki habari ya kuweka kumbukumbu za njiani. Kuandika kwenye kioo mzee alikataa kabisa, akisema vidole vilivyozoea sindano havisikilizani na kioo. Akachagua kinasa sauti chenye spika yake, na kila jioni, baada ya swala, alikaa nacho pembeni akakisimulia siku nzima.

Sasa, ndani ya korongo, simu ya Ikirezi ilikuwa imekunywa maji na kuzimika. Gatoroshi iliwaka vizuri, lakini haikuona mnara. Kifaa cha setilaiti kilipepesa taa yake ya kijani, kikitafuta, kikikosa. Kuta za korongo na mikaratusi iliyoinama zilikuwa zimeziba anga.

“Hapa hakioni mbinguni,” Ikirezi alisema.

“Basi kipeleke kinapoona.”

“Siwezi kukuacha.”

“Ukibaki hapa baridi itatuchukua wote wawili. Maji ya chupa yapo?”

“Nusu.”

“Yanatosha. Panda, mwanangu.”

Alimvalisha koti lake juu ya lile la mzee, akamsogezea mikoba mgongoni imkinge upepo, akaweka chupa karibu na mkono wake. Kisha akapanda. Udongo ulimrudisha mara kwa mara. Alipofika mgongoni mwa mlima, magoti yalikuwa yanavuja damu na kucha mbili zimeng'oka, lakini juu yake anga ilikuwa wazi.

Alimwandikia mumewe, Mutsinzi: *Mlima umeporomoka. Baba amevunjika mguu, ana baridi sana. Mimi niko hapa, yeye yuko korongoni chini yangu. Tuma watu.*

Taa ilipepesa. Ikapepesa tena. Ujumbe ukaondoka. Ikirezi alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, akasubiri, akikitazama kile kifaa kama mtu anayesubiri mtoto aliyezaliwa alie.

Jibu likaja: *Nimeongea na viongozi wa huko. Watu wanatoka kijijini sasa hivi. Baba asilale.*

Alilia kidogo, akajifuta, akageuka kuteremka. Ukungu ulikuwa umefika kabla yake. Mikaratusi ilikuwa imetoweka, na alama za miguu yake pia. Aliita. Hakuna aliyejibu. Alijaribu upande wa kushoto, na kisigino chake kikavunja ukingo. Mawe yakaanguka chini, naye asisikie yakitua. Alirudi nyuma akitambaa. Aliita tena na tena.

Ndipo alipoisikia sauti ya baba yake. Haikuwa ikimwita. Ilikuwa ikisimulia, taratibu, kama mtu aliyekaa barazani.

“...na yule mama wa viazi, Mungu amzidishie. Alitupa vya moto kutoka jikoni kwake, akakataa kutuambia jina. Tena yule kijana wa pikipiki aliyetuonyesha njia ya mkato, Mungu ampe afya...”

Ikirezi alishuka kuelekea kwenye sauti. Ilipofifia alisimama, ilipokua aliendelea. Alipita shukrani za wavuvi, za mwenye duka aliyewapa kibaraza cha kulala, za ng'ombe aliyewapisha darajani. Mpaka mkono wake ukagusa koti.

Midomo ya Usumani ilikuwa ya bluu. Kinasa sauti kilikuwa kifuani, spika imefunguliwa mpaka mwisho.

“Sauti yangu imekwisha,” alinong'ona. “Nimetumia ya jana.”

Ikirezi alijilaza akamkumbatia, akimsugua mikono, akimuuliza habari za kila mtu aliyetajwa ili asilale. Sauti waliiacha iendelee, na kwa sauti hiyohiyo watu wa kijijini waliwapata, ukungu ulipoanza kupasuka. Walikuja na ingobyi, machela ya kusukwa wanayobebea wagonjwa milimani.

“Komera, jikaze, mzee,” alisema aliyetangulia, mkulima mpana wa mabega aitwaye Gratien. “Mguu iko vibaya, lakini sisi iko wengi.”

Walimbeba wakipokezana, miguu mitupu ikiuma matope. Mwanamke mmoja alivua kitenge chake akamfunika. Barabarani gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, na kabla mlango haujafungwa Usumani alitaka kujua jina la kila aliyembeba. Wakamtajia, mmoja mmoja, wakiona haya.

Kiangazi kilipofika, Ikirezi alipanda mlima ule na furushi mgongoni. Ndani mlikuwa na makoti mazito aliyoyashona Usumani, kila moja na mwenyewe. Gratien alivaa lake, akanyoosha mikono, akageuka huku na huku. Lilimkaa barabara.

“Mzee hakunipima,” alisema kwa mshangao. “Kipimo alitoa wapi?”

“Alikuwa juu ya mabega yenu njia nzima,” Ikirezi alijibu.

Gratien alifunga vifungo vyote, ingawa jua lilikuwa kali, akamkaribisha ndani wale chakula.