Agizo Lililosomwa Kwanza

Saa 3:20 asubuhi

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka grisi. Shemeji alikuwa amechora jengo kwa chaki juu ya meza ya bati. Walikuwa wanne: yeye, Nyundo wa kuvunja, Breki wa kuendesha gari, na Fundi, mdogo wa kike wa mke wake.

"Rudia," Shemeji alimwambia Fundi.

"Leo kampuni yetu ya vito inawekea kompyuta zote mfumo mpya. Arobaini na moja. Seva inafanya kazi yenyewe. Kila mashine inasoma faili moja la maagizo. Kwanza mistari yake binafsi, kwa namba yake. Halafu ya chumba chake. Mwisho ya wote."

"Yakigongana?" Nyundo akauliza.

"Agizo lililosomwa kwanza ndilo linashika. Yanayofuata hayaligusi."

"Na mashine ya mlango wa hazina ya vito?"

"Haina mistari binafsi. Itafuata ya chumba. Hapo nimeandika mlango wazi, kengele izimwe. Mna dakika kumi na moja."

"Zinatosha kukomba mawe yote ya thamani yaliyochongwa." Shemeji akamwinamia hadi pumzi zake zikamgusa shavu. "Ukiharibu, shemeji yangu, sianzi na wewe. Naanza na dada yako."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Saa 5:48

Ghorofa ya pili, chumba cha kompyuta. Baridi ya mashine, lakini mgongo wake ulikuwa umelowa. Alijifungia peke yake, akavaa kidude cha simu sikioni, akabonyeza kitufe. Kompyuta arobaini na moja zikazimika, zikaanza kuwaka upya.

Saa 6:04

Shemeji na Nyundo walipita getini na sare za mafundi wa viyoyozi. Mlinzi aliwafungulia bila maswali. Kibali alikisaini Fundi.

Saa 6:09

"Wazi!" Shemeji alinong'ona sikioni mwake, karibu acheke. "Wazi kabisa. Mkono wako mtamu, Fundi."

Fundi akashusha pumzi. Akatazama kioo.

Mashine ya mlango: mlango wazi, kutoka mistari ya chumba. Sawa. Kengele: imewashwa.

Akasoma tena. Imewashwa, kutoka mistari binafsi.

Alifungua faili. Juu kabisa, chini ya namba ya ile mashine, palikuwa na mistari mitatu asiyoijua. Kengele iwashwe. Isilie ndani, ilie polisi. Mtoa taarifa: na hapo limeandikwa jina lake yeye. Kuhusu mlango haikusema kitu, ndiyo maana mlango ulifuata agizo la chumba na kufunguka kama alivyopanga.

Iliandikwa jana, saa tatu usiku, kutoka kompyuta mpakato yake mwenyewe. Saa hiyo alikuwa anaoga. Nyumbani kwa dada yake.

Akazima maikrofoni ya kidude cha sikioni, akanyakua simu ya mezani na kumpigia dada yake.

"Dada. Ni wewe?"

Nyuma yake zilisikika sauti za watoto na honi za stendi.

"Nilichapa barua ofisini miaka tisa kabla mume wangu hajanifungia ndani," dada akasema. "Ulinionyesha lile faili mwenyewe, ukilia. Mistari mitatu itanishinda?"

"Umeweka jina langu!"

"Najua, mdogo wangu. Ingeonekana tu imetoka kwako; kompyuta nyingine sikuwa nayo."

Simu ikakatika.

Saa 6:13

"Fundi," Shemeji akaita sikioni. "Mbona kimya?"

Akimwambia, atakimbia, na kabla jua halijazama atakuwa amemjua aliyeandika na kumsaka. Asipomwambia... Akawasha tena maikrofoni.

"Hakuna kitu, Shemeji. Endelea."

Neno la mwisho lilimvunjikia kinywani. Shemeji alilisikia.

"Nyundo," alisema polepole. "Panda juu kwa huyu."

Saa 6:15

Viatu kwenye ngazi. Fundi alisukuma meza mlangoni, akajibanza chini yake. Teke la kwanza, vumbi likamwagika kutoka juu. La pili, bawaba moja ikang'oka. Haja ndogo ikampita bila kujijua. La tatu halikuja. Ilikuja sauti ya mtu mwingine: "Polisi! Lala chini!" Risasi moja. Kitu kizito kikaporomoka ngazi hadi chini.

Saa 6:22

Walimtoa wamemshika kwapa, kwa upole, kama mgonjwa. Uani Shemeji alikuwa amepiga magoti, pingu mgongoni, mdomo unavuja damu. Breki na gari lake hawakuonekana.

"Wewe ndiye Fundi?" Askari mkubwa alimpa chupa ya maji. "Taarifa imetufikia kwa jina lako. Ni wewe uliyetuita?"

Shemeji akainua kichwa. Macho yake yalimwacha Fundi, yakatangatanga kidogo, kama ya mtu anayepiga hesabu nani alikuwa wapi jana. Fundi aliona yanakoelekea.

"Ni mimi," akasema kwa sauti, ili asikie. "Peke yangu."

Shemeji akamkazia macho tena, yasimtoke.

"Ahsante, dada," askari akasema. "Na mlango ule, nani aliufungua?"

Fundi alitazama dirisha la ghorofa ya pili. Kule faili lilikuwa bado wazi juu ya kioo, na agizo la kufungua mlango aliliandika yeye mwenyewe.